Niondolee Huyu Mwanamume

Jirani yangu wa nyumba namba nane alikuja Jumapili jioni akiwa na juala jeusi mkononi, lile la nailoni lililopigwa marufuku mwaka wa 2017 na ambalo kina mama wa mtaa wetu hapa Buruburu bado wanalitunza kama hati ya shamba. Hakuketi. Alilifungua palepale mlangoni, akatoa picha moja ya rangi iliyofifia ikawa ya manjano, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, watoto wameniambia wewe unaediti picha."

Nikasema ndiyo, kwa namna fulani.

"Basi niondolee huyu mwanamume."

Kwenye picha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu amesimama mbele ya pazia la studio lililochorwa maporomoko ya maji. Amevaa gauni la maua na viatu vyeupe, mkoba umening'inia kiwikoni. Kando yake mwanamume wa suti amemshika bega. Mwanamke huyo ni mama mzazi wa jirani yangu, na alikuwa amefariki Alhamisi iliyopita. Mazishi yangekuwa Jumamosi inayofuata, Vihiga, na picha ilihitajika mara mbili: kwenye jalada la kijitabu cha mazishi, na ndani ya fremu kubwa itakayotangulia jeneza.

"Pole sana, Mama. Na huyu ni nani?"

"Ni baba. Alituacha 1987. Siwezi kumbeba hadi kaburini kwa mama."

Nikamweleza taratibu kwamba kazi hiyo siifanyi, kwamba mjini kuna vijana wenye vibanda vya kuchapisha picha ambao wangemwondoa mzee kwa dakika kumi, na kwa bei ileile wakamwekea mama mawingu nyuma na njiwa wawili juu. Aliniangalia kama mtu aliyepiga foleni kwa daktari tangu asubuhi, kisha akaambiwa huyu ni daktari wa vitabu.

"Sasa wewe unaediti nini?"

Swali hilo nimeulizwa na mamangu, na mwenye nyumba, na afisa wa benki aliyetaka kujua nijaze nini kwenye nafasi ya "kazi", na mpaka leo sina jibu la sentensi moja. Hapa Nairobi kuediti picha ni kulainisha ngozi, kung'arisha meno, kupunguza tumbo na kuondoa watu. Ni ufundi halali, na historia yake ni ndefu kuliko ya kompyuta. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akikata picha na kuzibandika miongo kadhaa kabla ya Photoshop kuzaliwa, akapata picha ambazo hakuna kamera ingeweza kuzipiga. Fundi wa aina hiyo namvulia kofia. Mikono yangu mimi haijui.

Ninachokifanya nilikiona nyumbani kabla sijaona kamera. Kwetu mchele ulipita mikononi mara mbili. Kwanza ungo: unapepeta, makapi yanaruka, kuku wanafurahi. Halafu sinia: unaketi chini penye mwangaza, unasogeza punje kwa kidole, unatafuta mawe. Ungo unahitaji mkono. Sinia linahitaji macho na subira, na jiwe likikupita, anayelitafuna ni mgeni. Basi mpiga picha ananiletea diski yenye picha elfu mbili na mia tatu, za wiki tatu alizokaa Turkana, au za mwaka mzima wa harusi, au za babake anayeugua. Anaondoka na thelathini. Wakati mwingine kumi na mbili. Mara moja nilimrudishia mtu nne; akalia, halafu akanilipa.

Kazi niliijifunzia gazetini, miaka kumi na mmoja kwenye dawati la picha, katika enzi ambayo saa kumi jioni ilikuwa saa ya vita. Gazeti lenyewe nitaliacha bila jina. Siku tulipoachishwa, barua zilikuwa zimechapishwa tayari zikapangwa kwa alfabeti, na langu lilikuwa miongoni mwa majina ya mwanzo, kwa hiyo nilipata nafasi ya kuwatazama wenzangu wakiitwa mmoja mmoja. Tangu hapo najitegemea. Nahariri kazi za watu, nafundisha Jumanne na Alhamisi jioni katika chumba cha kukodi Ngara, na mara mbili tatu kwa mwaka nakuwa kyureta, neno ambalo sijalipatia Kiswahili kinachokaa vizuri mdomoni. "Msimamizi wa maonyesho" linasikika kama askari wa mlangoni. Ingawa, kusema kweli, siku ya ufunguzi mlangoni huwa nasimama mimi.

Raundi ya kwanza ya kuchambua naipita mbio, karibu sekunde moja kwa kila picha. Sifikirii. Kidole kikikataa kubonyeza, picha hiyo inapata nyota moja. Raundi ya pili huifanya kesho yake, kwa sababu huenda leo nilikuwa na njaa. Raundi ya tatu nazima kompyuta. Tunachapisha zilizobaki kwa saizi ya albamu, inchi nne kwa sita, tunazimwaga mezani. Kwenye skrini kila picha ni mke wa pekee, imewashiwa taa na haina mpinzani. Mezani zinakuwa wake wenza: sogeza moja karibu na nyingine, utaanza kusikia maneno.

Kijana mmoja aliniletea picha za moto wa soko la Gikomba, soko ambalo limeungua mara nyingi kiasi kwamba wachuuzi wanahesabu miaka kwa mioto. Aliyoipenda ilikuwa ya mwanamke anayelia, mikono kichwani, moshi nyuma yake. Picha kali. Nami nilikuwa nimeiona mara mia, maana kila moto una mwanamke wake wa mikono kichwani, na gazetini nilikuwa nikimtafuta mwenyewe saa kumi ikikaribia. Chini kabisa ya rundo kulikuwa na picha nyingine ya mwanamke yuleyule, dakika arobaini baadaye kwa mujibu wa saa ya kamera. Ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ametandaza kanga mapajani, na juu ya kanga anapanga noti zilizolowa ili zikauke, za mia na za mia, za hamsini na za hamsini, zote zimeangalia upande mmoja. Kijana hakuwa ameipa hata nyota moja.

"Hapo hakuna hisia," akaniambia.

Nikamuuliza: huyu mama angekuwa hapa mezani nasi, unafikiri angeichomoa ipi?

Akakaa kimya. Kwa kweli nami nilikaa kimya, kwa sababu swali lilikuwa limenitoka tu, halafu nikaona kwamba kwa miaka kumi na mmoja sikuwa nimejiuliza hata siku moja.

Kwa muda sasa tumebishana sana kuhusu nani ashike kamera. Ni mabishano ya haki. Mwaka wa 2012 ulipoanzishwa ukurasa wa Everyday Africa kwenye Instagram, wengi wetu tulipumua kuona picha za mtu anasubiri basi, mtu ananyolewa, watoto wanafanya hesabu za ziada. Na siku hizi Nairobi haina upungufu wa wapiga picha wazuri. Ukitupa jiwe Kimathi Street utampiga mmoja, naye atakupiga picha ukilitupa. Lakini nimeona kazi ya vijana wa Huruma, waliozaliwa na kulelewa hukohuko, ikipelekwa kwenye dawati la mbali na kurudi ikiwa na sura ileile ya zamani: matope, kamasi, na macho makubwa yanayoomba. Vijana walikuwa wamepiga pia arusi, mechi na mama mboga anayecheka. Walipiga vyote. Waliochagua ndio waliochagua hivyo.

Wengi mnakumbuka Januari 15, 2019, hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa pale Riverside na watu 21 wakauawa. New York Times iliweka mtandaoni picha ya waliouawa wakiwa wameinamia meza za mkahawa. Wakenya walichemka, Baraza la Vyombo vya Habari likataka picha iondolewe, na gazeti likajitetea kwamba wasomaji wanahitaji kuona wazi ukatili wa shambulio kama hilo. Hoja hiyo naijua, nimewahi kuitoa mimi mwenyewe. Na sidhani kama waliochagua walikuwa watu wabaya. Nadhani tu kwamba kwenye meza yao hakuwepo mtu ambaye angeweza kumtambua marehemu kwa shati lake. Nairobi nzima ilikuwa imejaa watu hao usiku ule, wanapiga simu zisizopokelewa.

Ndiyo maana darasani kwangu mwezi wa kwanza hakuna kuleta kamera. Kila mtu alete albamu ya nyumbani. Wanafunzi hununa, wamekuja kujifunza lenzi na mwanga, wengine wanataka kuwa Mohamed Amin kabla ya Krismasi. Halafu albamu zinafunguliwa na chumba kinabadilika. Ubatizo, kipaimara, pikipiki ya mjomba, redio iliyowekwa kwenye stuli katikati ya familia kama mtoto wa kifungua mimba. Na nimegundua jambo linaloniudhi: nyingi ya albamu hizi zinakata karibu na mwaka wa 2010. Baada ya hapo picha ziko kwenye simu, na simu iliibiwa, au iliingia kwenye ndoo ya maji, au nenosiri limesahaulika. Mwanafunzi wa miaka ishirini na mbili ana picha kumi na tano za babu yake na hana hata moja ya yeye mwenyewe akiwa darasa la tano.

Mwezi wa pili tunaanza kuchagua, kwa maharagwe. Kila mwanafunzi anapewa punje tano, anazunguka meza kimya kimya na kuweka punje moja moja juu ya picha anazotaka zibaki. Tulianza kwa kunyoosha mikono nikaona hakufai, watu walikuwa wananyoosha huku wakiangaliana. Harage halina aibu. Sheria ni mbili tu: picha moja punje moja, na kabla hatujatoa uamuzi, anayeanza kusema ni yule ambaye hakuweka.

Julai 2024 mmoja wao alileta picha alizopiga mjini Juni 25, siku vijana walipoingia Bungeni kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Alikuwa amepiga mia tisa, tukachapisha sitini. Kulikuwa na moja ambayo ukiiona hupumui. Msichana wa miaka ishirini hivi, bendera imemkaa mabegani kama kanga, machozi ya gesi yanamtiririka, na bado anacheka, mdomo wazi, anamcheka mtu aliye nje ya fremu. Uso wake umetoka safi kuliko wa kitambulisho. Siku hiyo darasani tulikuwa na watu kumi na wawili, na picha ile ikapata maharagwe kumi na moja.

Ambaye hakuweka alikuwa mwanafunzi asiyesema sana, anayekuja kila siku akiwa na sare ya duka la dawa anakofanya kazi.

"Huyu mimi namjua," akasema. "Jina simjui. Lakini asubuhi tunapanda matatu moja."

Zilikuwa wiki ambazo kila siku tulisikia habari za vijana kuchukuliwa majumbani usiku. Mtandaoni watu walikuwa wakisihiana wasionyeshe nyuso. Mwenye picha akakasirika, na hasira yake ilikuwa na msingi. Aliisimamia picha ile kwa macho mekundu na mapafu yanayowaka. Akauliza, historia isiyo na nyuso ni historia ya nani? Mwingine akasema tufifishe uso. Mwingine akamjibu kwamba ukiufifisha umebakiza bendera tu, na bendera zinauzwa barabarani. Tulibishana hadi mlinzi akapanda ngazi kutuambia anafunga lango.

Mwishowe tuliafikiana kwamba yule wa duka la dawa amtafute kwenye steji amuulize. Ilichukua siku tisa, maana msichana alikuwa amebadilisha saa za kusafiri. Jibu lake lilikuja kwa ujumbe wa sauti ambao tuliusikiliza sote tumezunguka simu: picha isitoke. Kimya kidogo, kelele za makanga nyuma. Halafu: lakini naomba nitumiwe.

Akatumiwa. Faili liko kwenye diski, na jina lake linaanza kwa neno SUBIRI.

Sijui kama tulifanya sawa. Nikiwa na hakika sana, hukumbuka picha ya Dedan Kimathi akiwa amelazwa kwenye machela, pingu mikononi, Oktoba 1956. Serikali ya kikoloni iliisambaza ili watu waone kwamba mambo yamekwisha. Akanyongwa Februari 18, 1957. Na leo picha za mtu yuleyule ziko kwenye fulana na kwenye ubavu wa matatu. Walioitoa ile ya machela hawakuwa na nia njema hata chembe, wala hawakumuuliza mtu ruhusa, na wajukuu wa waliotishwa nayo wakaichukua wakaigeuza. Kwa hiyo nani aketi mezani, na kwa muda gani? Miaka sabini? Swali hilo nililipeleka darasani, na jibu nililopata ni kwamba tuagize chai.

Kuhusu watoto sina shaka, na sheria pia haina. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha ya mtoto bila idhini ya mzazi si mchezo: mwaka wa 2023 shule moja hapa Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi, na mkahawa mmoja wa burudani ukatozwa milioni 1.85 kwa kumweka mteja mtandaoni bila kumuuliza. Huwa nawaandikia wanafunzi tarakimu hizo ubaoni. Maadili nitawafundisha baadaye. Faini wanaielewa siku ileile.

Maonyesho ni sinia jingine. Nairobi ina kuta nzuri, za Alliance Française, za Goethe, za Nairobi Gallery kwenye lile jengo la 1913 karibu na Nyayo House, na nimefurahi kila nilipopewa moja. Lakini maonyesho yaliyonibadilisha akili hayakuwa na ukuta. Mwaka wa 2009 Boniface Mwangi na wenzake walibeba picha za ghasia za baada ya uchaguzi wakazisimamisha barabarani, Picha Mtaani, palepale ambapo watu waliokuwa wamekimbizana wangepita wakienda sokoni. Nilikwenda kama mtu wa gazeti, daftari mkononi. Sikuandika kitu. Nilikuwa nikiwatazama watu wakitazama, na nikaona kwamba kwa miaka yote ya dawati la picha sikuwahi kumwona msomaji hata mmoja akiwa mbele ya picha niliyomchagulia.

Siku hizi nikipata nafasi natundika kumbi za mtaa, Eastlands huku. Kamba ya katani na vibanio vya nguo. Mazoea ya kazi yanasema katikati ya picha ikae kama sentimita 145 au 150 kutoka sakafuni. Mimi hushusha, kwa sababu wanaokaa muda mrefu zaidi mbele ya picha ni watoto, na watu wazima hawaogopi kuinama. Maelezo naandika kwa Kiswahili, na siandiki "mwanamke, Mathare". Mathare si jina la mtu.

Hata hivyo nakosea. Kwenye maonyesho moja tulikuwa na picha ya mwanamume anayesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, na chini nilikuwa nimeandika "muuza maji". Mzee mmoja alisimama hapo muda mrefu, kofia mkononi. Mwishowe akaniita kwa kidole.

"Huyu si muuza maji. Huyu ni mwalimu wangu wa darasa la nne. Siku hiyo mifereji ilikuwa imekauka, anapelekea shule maji."

Mpiga picha hakuwa ameuliza, na mimi sikumuuliza mpiga picha. Nilitoa kalamu, nikafuta, nikaandika upya mbele yake, akanisahihisha na herufi za jina. Lile karatasi lenye mkato wa kalamu sikulibadilisha hadi siku ya mwisho.

Majina hupotea kwa njia za kijinga. Mpiga picha anakaa usiku anaandika jina, mahali na tarehe ndani ya faili lenyewe, halafu ananitumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na WhatsApp inalipunguza faili na kuyatupa maelezo yote. Tuma kama dokumenti. Nimeyasema haya mara nyingi hadi wanafunzi wangu wameniandikia kwenye kikombe. Halafu nawasimulia habari za Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi wa 1935, aliyepigia picha harakati za uhuru hapa kwetu na kwingineko, akauawa Nigeria mwaka wa 1968 akiwa kwenye vita vya Biafra. Picha zake zilikaa miongo kadhaa kwenye gereji hapahapa jijini. Gereji! Nikipita Ngara au Pangani kwenye nyumba za zamani zenye gereji za milango ya mbao, siwezi kupita bila kujiuliza mle ndani mna nini.

Pesa nitazitaja upesi kwa sababu zinaniharibia siku. Mteja akilipa anakata asilimia 5 ya kodi kabla hela haijanifikia, na hilo ni sheria. Ambalo si sheria ni kulipa baada ya siku tisini, au shirika fulani kunialika "kushauri kidogo tu" wakati wa chakula cha mchana na kuondoka na mpangilio mzima wa maonyesho yao kwenye kitambaa cha karatasi cha mezani. Maonyesho yalikuwa mazuri. Mpangilio nilikuwa nimeupanga vizuri.

Basi jirani yangu. Nilimwomba aingie, alimwage lile juala mezani, tuangalie. Mke wangu akaleta chai na maandazi, bintiye jirani akaja kumtafuta mamake naye akaketi. Zilikuwa picha arobaini na kitu. Tulianza kwa ungo: za watu wasiojulikana upande, za kanisa upande, za mama hapa. Za mama zikabaki kumi na moja.

Mimi niliipenda moja tangu mwanzo, nikajizuia. Mama yuko shambani, jembe begani, amegeuka ghafla kama aliyeitwa, anacheka kwa mdomo wote. Nilipoisogeza mbele kidogo tu, kwa kidole, binti akasema ndiyo, hii. Jirani akaigeuza kifudifudi.

"Mama hakupenda watu waone pengo lake. Alikuwa anacheka na kiganja hapa."

Nikaiondoa.

Alichokichukua kilikuwa kidogo kuliko vyote, picha ya paspoti, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mende. Mama amekazwa kama askari, shingo ndefu, kola nyeupe, haangalii kulia wala kushoto. Kwa macho yangu ya kazi ilikuwa picha ya ofisini tu. Nikasema ukweli: ukiikuza kuingia kwenye fremu ile kubwa itapasuka, itakuwa chengachenga.

"Watu watasimama mbali," akasema.

Akaishika kwenye taa. Akasema hiyo ni ya 1989, mama alipofungua akaunti yake ya pesa za majani chai. Aliamka saa kumi alfajiri, akatembea hadi Chavakali, akamlipa mpiga picha kwa pesa aliyoifunga kwenye leso. Zilikuwa nne kwenye karatasi moja. Mbili wakazitaka watu wa benki, moja ikapotea.

"Hakwenda na mtu," akasema. "Alikwenda peke yake."

Binti akaichukua, akaiangalia, akamrudishia mamake bila neno. Nikamwandikia jirani namba ya kijana mmoja mjini anayejua kukuza picha za zamani, nikamwambia amkataze kabisa mawingu na njiwa. Akarudisha picha zote kwenye juala moja moja, na ile ya studio akaiweka mwisho, nzima, mzee na suti yake. Hakuikata.

Mlangoni akavaa viatu, akanyooka, akaniangalia tena.

"Sasa hiyo ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Na watu wanakulipa?"